Nyumba ya Udongo Haifi Yote

Wajukuu zangu! Leo sina ngano ya sungura wala ya fisi. Nina hadithi ya kweli, ya majengo yaliyolala ardhini na ya watu wanaoyafukua kwa mwiko na brashi.

Najua swali litakaloulizwa. Kila ninapogusia habari za watu wa kale, kuna mmoja wenu hunyoosha mkono: "Babu, mbona Wagiriki wana mahekalu ya kuchimbua na sisi hapa Tabora hatuna? Wazee wetu hawakujenga?"

Walijenga, tena sana. Ila kabla sijawaonyesha walichojenga, twendeni kwanza huko huko Ugiriki, maana jibu la swali lenu limejificha kwenye hekalu moja la kule.

Pana bonde liitwalo Olympia. Hapo palikuwa mahali patakatifu pa Zeus, mkubwa wa miungu ya Wagiriki wa kale, na ndipo michezo ya Olimpiki ilipoanzia. Walijenga mahekalu, madhabahu, hazina za kuwekea sadaka, uwanja wa mbio, hata karakana ya mchongaji Phidias, aliyeitengeneza sanamu kubwa ya Zeus. Miongoni mwa majengo hayo lilikuwamo hekalu la Hera, mke wa Zeus, lililojengwa yapata mwaka 600 kabla ya Kristo.

Sasa sikilizeni vizuri. Hekalu la Hera halikuwa la mawe matupu. Sehemu ya chini ya kuta ilikuwa ya mawe, lakini juu yake yalipangwa matofali mabichi ya udongo uliokaushwa juani. Nguzo zake za mwanzo zilikuwa magogo. Gogo moja lilipochakaa liliondolewa, ikasimamishwa nguzo ya jiwe mahali pake. Baada ya miaka mingi likaondolewa lingine. Kila fundi alichonga nguzo kwa mtindo wa zama zake, na ndiyo maana nguzo za hekalu lile hazifanani. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, msafiri aitwaye Pausanias alifika akakuta nguzo moja ya mti wa mwaloni ingali imesimama kati ya nguzo za mawe.

Zama zikabadilika. Mwishoni mwa karne ya 4 dola ya Roma ilipiga marufuku ibada za miungu ya kale. Karne ya 6 matetemeko ya ardhi yaliangusha hekalu la Zeus. Mito miwili ya pale, Alpheios na Kladeos, ikafurika mara kwa mara na kumwaga tope, hata Olympia yote ikazikwa chini ya mita kadhaa za udongo, na watu wakasahau ilikokuwa.

Mwaka 1875 wachimbaji wa Kijerumani, wakiongozwa na profesa Ernst Curtius, walianza kufukua bonde lile kwa mkataba na serikali ya Ugiriki. Mkataba ulisema vitakavyopatikana vitabaki Ugiriki. Likumbukeni hilo, tutalirudia. Mwaka 1877 wakiwa ndani ya hekalu la Hera walifikia udongo laini, na ndani ya udongo huo alikuwa amelala Hermes, mmoja wa miungu yao: sanamu ya marumaru ya kijana aliyempakata mtoto mchanga, uso wake haujakwaruzwa.

Nani aliyemlinda miaka yote hiyo? Ni kuta za udongo! Paa lilipoondoka, mvua iliyanyeshea yale matofali mabichi, yakayeyuka, yakateremka taratibu na kumfunika Hermes hata walioiba mawe ya hekalu wasimwone. Mawe yalibebwa, udongo ukabaki na kutunza.

Sasa rudini nami Unyanyembe, nchi yetu hii ya Tabora.

Miaka hiyo hiyo Wajerumani walipokuwa wakifukua Olympia, njia kuu ya misafara ilipita hapa kwetu. Ilianzia Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikavuka nyika ya Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 1,200, zote za kutembea kwa miguu. Hapakuwa na punda wa kutegemewa wala magurudumu, kwa hiyo mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, ulikaa begani au kichwani mwa mpagazi. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia mbele na wapagazi wakamfuata kwa mstari mmoja, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kwenda pwani ilikuwa kazi ya heshima. Kijana aliyerudi salama alitazamwa kwa jicho jingine kijijini.

Tabora ilikuwa njia panda. Hapa njia ya Ujiji iliachana na njia ya kaskazini iendayo Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makazi pale Kazeh, na wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 walikaribishwa kwenye nyumba zao. Walizozikuta zilikuwa tembe: nyumba ndefu zenye kuta nene za udongo, paa la bapa, baraza mbele na ua katikati. Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, ndipo ilipokuwa tembe aliyokaa mmisionari na msafiri Dakta Livingstone mwaka 1872. Mwandishi wa habari Stanley alifika naye Februari, akaondoka Machi, na mzee akabaki akisubiri wapagazi na mizigo hadi Agosti. Ile mnayoiona leo mkienda ziara ya shule imejengwa upya, lakini umbo lake linawapa picha ya zile za zamani.

Watemi, watawala wetu wa jadi, nao walijenga. Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, alikuwa na mji wake Urambo wenye maboma. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome yenye kuta nene hapa hapa Tabora. Wajerumani walipokuwa wakiiteka nchi hii waliishambulia zaidi ya mara moja, na Januari 1893 walipoingia, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani ili wasimkamate akiwa hai.

Basi mbona hatuyaoni majengo hayo yote? Nitawaambia jinsi tembe inavyokufa.

Tembe husimama kwa miti. Miti huchimbiwa ardhini, katikati hufumwa fito, kisha udongo uliokandwa hukandikwa pande zote. Juu huwekwa magogo, fito, nyasi, na tabaka nzito ya udongo. Watu wakihama, mchwa hawahami. Hula miti kutokea chini. Siku moja paa hushuka. Masika ya kwanza hulainisha ncha za kuta, masika ya pili huziteremsha, na baada ya miaka michache panabaki kichuguu kipana chenye majani. Mbuzi hupanda, watoto hucheza, mkulima huja na jembe, na kila mtu husema hapa hapakuwa na kitu.

Lakini chini ya kile kichuguu mambo mengi yamebaki. Kuta zilizoyeyuka zimefunika sakafu kama zilivyomfunika Hermes. Sakafu iliyopondwa kwa miguu ya watu na kumwagiwa maji ni ngumu kuliko udongo wa kawaida, na mwiko ukiigusa mkono unajua. Palipokuwa na mafiga, ardhi imeiva kwa moto na kuwa nyekundu. Pale nyuma palipokuwa jalala pana majivu, mifupa na vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Na kila mti uliochimbiwa umeacha shimo lake. Mti huoza au huliwa na mchwa, udongo wa juu huporomokea ndani, nao huwa mweusi zaidi na laini zaidi kuliko ardhi inayouzunguka. Ni kama pengo la jino: jino halipo, lakini ukipitisha ulimi unajua lilikaa wapi na lilikuwa na unene gani. Mwanaakiolojia, yaani mtaalamu wa kuchimbua mambo ya kale, akisafisha eneo vizuri, huona madoa meusi ya duara yakienda kwa mstari, kisha yakakata kona. Hapo ndipo ukuta ulipopita. Anaweza kuchora ramani ya nyumba nzima ambayo hakuna hata kijiti chake kilichobaki.

Ajabu nyingine ni moto. Nyumba ya udongo ikiungua, moto huuchoma ule udongo wa kukandika hadi ukawa tofali. Udongo mbichi huyeyuka kwa mvua, ulioungua hauyeyuki. Wachimbaji hukuta mabonge yake yana alama za fito upande wa ndani, hata unene wa fito na nafasi zilizoachwa kati yake vinaweza kupimwa. Kwa hiyo adui aliyechoma mji ili kuufuta amewaachia wachimbaji ushahidi mgumu kuliko angeuacha usimame.

Sasa mnataka kujua wanavyochimba. Hapa ndipo vijana wengi huchoka kunisikiliza, maana wanadhani kuchimba ni sururu na jasho. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwanaakiolojia huinama kweli kweli.

Kwanza hutembea. Watu hupanga mstari, kila mmoja akitazama ardhi mbele ya miguu yake, wakivuka shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanatafuta vigae, shanga, mavi ya chuma, udongo wa rangi isiyo ya kawaida, miembe iliyopangwa mahali ambapo leo hakuna nyumba. Huzungumza pia na wazee, maana mzee anajua kwamba mahali fulani paliitwa kambi hata kama hajui kwa nini. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Sarah Croucher walifanya ukaguzi wa awali wa namna hii kando ya njia yetu hii ya misafara miaka ya 2000.

Wakishachagua mahali, hupigilia vigingi na kuvuta kamba hadi eneo likagawanyika miraba. Kila mraba una namba. Kisha huondoa udongo tabaka kwa tabaka, kwa mwiko wa fundi uashi na brashi, wakifuata mabadiliko ya rangi na ugumu. Udongo wote unaotoka hupitishwa kwenye chekeche, na hapo ndipo shanga ndogo kuliko punje ya mtama huonekana. Kila kitu huingia kwenye mfuko wenye namba ya mraba na ya tabaka. Kila tabaka huchorwa, hupigwa picha na kupimwa kina chake kabla ya kuguswa inayofuata.

Kwa nini wapate tabu yote hiyo? Kwa sababu wanachokichimba hakitachimbwa tena. Ukishaiondoa tabaka umeiharibu milele, na kilichobaki ni michoro na maandishi yako. Kigae chenyewe hakisemi mengi. Kinachosema ni mahali kilipolala: juu ya nini, chini ya nini, pamoja na nini. Kilicho chini, kama hakijasumbuliwa na panya au jembe, kiliwekwa kabla ya kilicho juu. Sheria hiyo ni rahisi kuliko hesabu za darasa la kwanza, na akiolojia yote imeegemea juu yake.

Na sasa niwapeleke mahali ambapo kazi hiyo ilifanyika kwenye njia yetu wenyewe. Mkipanda treni hapa Tabora kuelekea Kigoma, mtapita Uvinza. Hapo mto Ruchugi unakutana na Malagarasi, na pana chemchemi za maji ya chumvi zinazotoka ardhini. Burton na Speke walipita nchi hiyo Februari 1858 wakielekea Ujiji, na chumvi ya Uvinza ilikuwa tayari maarufu. Watu walikuja kutoka mbali wakati wa kiangazi, wakapiga kambi, wakachemsha maji yale kwenye vyungu hadi maji yakaisha na chumvi ikabaki. Watemi wa Uvinza walitoza ushuru wao. Chumvi ilisafiri kwenda Uha, Burundi, Unyamwezi na kando ya ziwa, na ilipendwa kwa sababu ni safi, si ile ya kuchoma majani ambayo huwa na uchungu.

Mtu angeweza kudhani kazi hiyo ilianza na misafara, kwamba Waarabu walipofika ndipo watu wakaona faida ya chumvi. Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba Uvinza. Walikuta majivu, mkaa, mabaki ya majiko ya kuchemshia, na vigae juu ya vigae, maana chungu cha kuchemshia chumvi hakidumu. Vigae vya juu vilikuwa vya watu wa karibuni. Walipozidi kushuka, mapambo ya vyungu yakabadilika, hadi wakafikia vyungu vya wafinyanzi wa Zama za Mwanzo za Chuma. Mkaa wa tabaka hizo za chini ulipopimwa, umri wake uliangukia karne ya 5 au ya 6.

Pigeni hesabu wenyewe. Kazi ya chumvi Uvinza ilikuwa na zaidi ya miaka 1,200 kabla mgeni wa kwanza wa Zanzibar hajajenga tembe Tabora. Wakati matetemeko yanaangusha hekalu la Zeus kule Olympia, huku kwetu kuna mtu alikuwa amechutama mbele ya jiko, akisubiri chungu chake kikauke. Hakuna aliyeandika jina lake wakati huo. Majivu yake ndiyo yaliyoandika.

Mmoja wenu atauliza mkaa unapimwaje umri. Kila mmea ulio hai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina inayooza yenyewe polepole. Mti ukikatwa hauvuti tena, na ile iliyomo huanza kupungua. Kila ipitapo miaka kama 5,730 hubaki nusu ya ilivyokuwa. Wataalamu hupima kiasi kilichobaki kwenye mkaa, kisha hukadiria mti ulikatwa lini. Jibu halitoi siku wala mwezi. Linatoa kipindi, wakati mwingine kipana cha miaka mia na zaidi. Ndiyo maana hawategemei kipimo kimoja tu.

Kwa miaka ya misafara wanacho kipimo kingine, nacho ni shanga. Burton aliandika kwamba shanga zilizouzwa katika nchi hizi zilikuwa na aina karibu 400. Nyingi zilitoka Venice kwa meli hadi Zanzibar. Na zilikuwa na ugumu wake: zilizopendwa Ugogo mwaka huu zingeweza kukataliwa Ujiji, na mwaka ujao hata Ugogo wakazichoka. Mfanyabiashara aliyekosea alibaki na mizigo isiyonunua hata kuku. Hasara ya yule mfanyabiashara ndiyo faida ya mwanaakiolojia, kwa sababu fasheni inayobadilika haraka hutambulisha kipindi. Akikuta samesame, zile shanga nyekundu zenye moyo mweupe, anajua tabaka hiyo si ya kabla ya karne ya 19.

Mifupa nayo ina maneno. Thomas Biginagwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba vituo vya njia nyingine ya misafara, ile ya bonde la Pangani kaskazini mashariki, akachunguza hasa mifupa ya wanyama. Mfupa wenye alama za kisu humwambia mtaalamu ni mnyama gani alichinjwa, alikuwa na umri gani, na nyama ilikatwaje. Vitabu vya wasafiri Wazungu vimejaa pembe za ndovu na vita. Havikujali sana nani aliwalisha mamia ya watu waliopita kila wiki. Lakini msafara hauendi kwa pembe, unaenda kwa ugali na kitoweo. Wakulima na wafugaji wa kando ya njia, ambao vitabu huwataja kwa mstari mmoja, ndio waliojaza majalala ya vituo hivyo.

Kuna wengine ambao vitabu viliwataja kwa idadi tu. Njia hii ilipitisha watumwa, wengine wakielekea pwani na wengine wakibaki kutumikishwa mashambani na majumbani mwa Tabora na Ujiji. Hawakuacha barua wala kaburi lenye jina. Waliacha vyungu walivyofinyanga kwa mtindo wa kwao, na vyumba walimolala nyuma ya ua. Ikiwa siku moja tutajua zaidi juu ya maisha yao, sehemu kubwa ya habari hiyo itatoka ardhini.

Nilianza na mahekalu, na sijasahau. Mtaniuliza kama nyumba ya ibada iliyojengwa kwa miti inaweza kupatikana baada ya miaka elfu moja. Imepatikana. Huko Shanga, kisiwa cha Pate katika pwani ya Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 kwenye magofu ya msikiti wa mawe. Chini ya sakafu yake alikuta alama za msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, na walipozidi kushuka mawe yakaisha ikabaki misikiti ya miti na udongo, mmoja juu ya mwenzake. Wa chini kabisa ni wa karne ya 8, na ulikuwa mdogo, wa kutosha watu wachache. Ushahidi wake ulikuwa matundu ya miti ardhini. Watu wa Shanga walifanya walichofanya Wagiriki kwenye hekalu la Hera: walianza na mti, wakaishia na jiwe, bila kuhama mahali pao pa kuombea.

Na Wanyamwezi walikuwa na vibanda vidogo vya mizimu uani, ambapo mzee aliwakumbuka wazazi waliotangulia na kuomba mvua, uzima na watoto. Kibanda cha namna hiyo huacha matundu machache membamba, labda na kigae cha chungu cha pombe ya tambiko. Anayechimba kwa sururu atakipita bila kukiona. Anayechimba kwa mwiko atasimama, atachora, atajiuliza.

Sasa lile la mkataba wa Olympia. Wagiriki walisema vitu vyetu vitabaki kwetu, na Hermes yuko pale pale Olympia hadi leo, ndani ya makumbusho yao. Sisi pia tunayo sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza mtu kuchimba mahali pa kale bila leseni. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, kwa hiyo anayetaka kushika mwiko huu hahitaji kwenda Ulaya kuusomea. Na mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia yetu kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kimoja kati ya sita ni jirani yetu.

Lakini sheria haikai shambani usiku kucha. Wanaoharibu mahali pa kale si wabaya wote. Yupo anayechimba choo, yupo anayefyatua matofali kwa udongo wa kichuguu kile kile kilichokuwa tembe. Wapo pia wanaosikia uvumi kwamba Wajerumani walifukia dhahabu na rupia, fedha za wakati wao, wakaja usiku na sururu. Hupasua sakafu, huchanganya tabaka, hutupa vigae, na huondoka mikono mitupu. Hata wangepata rupia moja, wangekuwa wameharibu mengi ambayo hiyo rupia haiwezi kuyanunua.

Kwa hiyo, wajukuu, sikilizeni kazi yenu. Mkilima au mkichunga na mkakuta kigae chenye mapambo, shanga, kipande cha chuma au udongo mwekundu ulioiva, msikiweke mfukoni na msikifukue. Kiacheni kilipolala. Angalieni alama za kudumu zilizo karibu, mwembe au jiwe kubwa, mwambieni mwalimu wenu au mwenyekiti wa kijiji ili habari ifike kwa afisa utamaduni wa wilaya au kwenye makumbusho pale Kwihara. Waulizeni babu na bibi zenu majina ya zamani ya mahali mnapoishi, na muyaandike kwenye daftari, kwa sababu mwanaakiolojia atakapofika atayahitaji. Na mtu akiwaambia tena kwamba Unyamwezi haikuwa na majengo, mjibuni kwamba yapo, yamelala, na yanahitaji watu wenye subira ya kuinama. Napenda baadhi ya watu hao watoke kwenu.